Kozi ya EPM ya maumivu kwa wauguzi wa wodini: kilicho bora ndani yake, na saa moja ambayo hospitali lazima iiongeze

Hospitali inayotaka wauguzi wake waache kumwambia mgonjwa "jikaze" na waanze kuyatibu maumivu yake bila woga, lakini haina fungu la kupeleka watu masomoni, ianze na Essential Pain Management, ambayo wengi wanaiita EPM. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota inayokosekana ni ya mazoezi ya mkono: ratiba yake ya kawaida inafundisha kichwa vizuri sana, lakini haimpi nesi nafasi ya kushika ampuli na bomba la sindano. Pengo hilo linazibika, na tutaeleza namna.

Kozi hii iliandaliwa na madaktari wawili, Roger Goucke wa Australia na Wayne Morriss wa New Zealand, ikaanza kufundishwa Papua New Guinea mwaka 2010, na chuo cha madaktari wa usingizi cha nchi zao kimeisimamia. Tangu hapo imefika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo. Mahali ilipoanzia panaeleza mengi. Imetungwa kwa ajili ya wodi isiyo na pampu ya dawa ya kujibonyezea mgonjwa mwenyewe, hospitali isiyo na timu maalumu ya maumivu, na zamu ya usiku yenye nesi mmoja au wawili kwa vitanda vyote. Ndiyo maana inatufaa. Slaidi, kitabu cha mshiriki na mwongozo wa mwalimu ni bure, kwa hiyo gharama inayobaki ni ukumbi, chai na chakula, kuchapa karatasi, na watu wa kushika zamu siku hiyo.

Kutambua, kutathmini, kutibu

Kozi ni ya siku moja. Inaanza na mtihani mfupi wa kuchagua majibu, na inaisha na mtihani uleule. Katikati kuna mihadhara mifupi, mjadala wa vikwazo, na mchana wote ni visa vya wagonjwa katika vikundi vidogo. Uti wa mgongo wa kozi ni hatua tatu ambazo Kiswahili kinazibeba vizuri: tambua, tathmini, tibu. Mkufunzi mzuri hazitaji mara moja na kupita. Kila kisa cha mchana kinapitishwa kwenye hatua hizo tatu, hadi mshiriki anazitumia bila kuangalia karatasi.

Kwenye kutambua, funzo kubwa ni kwamba mgonjwa aliyenyamaza si lazima awe hana maumivu. Mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa uzazi anaweza kulala ametulia kabisa kwa sababu akijigeuza tu kidonda kinamkata. Mzee anasema "sijambo" kwa heshima. Mtoto aliyeungua, akishalia kwa muda mrefu, hunyamaza kwa kuchoka. Kwa hiyo muuguzi anafundishwa kuangalia uso, namna mgonjwa anavyojikunja, anavyopumua kwa juujuu, anavyokwepa kukohoa, na kumuuliza tena anapofanya harakati. Alama ya maumivu ya mtu aliyelala tuli haitoshi baada ya upasuaji wa tumbo. Anaweza kusema 2 kati ya 10 akiwa ametulia na 8 akikohoa, na hiyo 8 ndiyo itakayomfanya asivute pumzi ndefu, asiamke kitandani, na hatimaye apate nimonia au damu kuganda mguuni.

Sehemu ya kutathmini ndiyo iliyo bora kuliko zote, na hata kama hospitali ingechukua nusu saa hiyo peke yake ingefaidika. Inataka muuguzi ajibu maswali matatu kuhusu kila maumivu: ni ya muda gani, ya ghafla au ya muda mrefu, chanzo chake ni saratani au si saratani, na yanatokana na jeraha la nyama, mfupa au ogani, au yanatokana na mshipa wa fahamu wenyewe kuharibika. Swali la tatu ndilo linalobadilisha dawa. Slaidi ziko kwa Kiingereza, lakini mgonjwa hataeleza kwa Kiingereza, kwa hiyo wakufunzi waandae maneno ambayo wagonjwa wa eneo lao wanayatumia. Yanayosemwa kuwa yanapwita, yanakata, yanabana au yanauma mahali panapoguswa mara nyingi ni ya jeraha. Yanayosemwa kuwa yanawaka moto, yanachomachoma kama sindano, yanapiga kama shoti ya umeme, yana ganzi ndani yake, au yanauma hata shuka likigusa ngozi, yaelekeze mawazo kwenye mshipa wa fahamu. Mgonjwa wa kisukari mwenye nyayo zinazowaka, au aliyepona mkanda wa jeshi akabaki na moto mbavuni, hatatulia kwa kuongezewa diklofenaki, dawa ya kawaida ya maumivu ya jeraha. Anahitaji dawa kama amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 usiku, na aambiwe mapema kwamba nafuu inaweza kuchukua siku nyingi au hata wiki kadhaa na kwamba mdomo utakauka. Muuguzi anayelijua hilo anampigia daktari akiwa na hoja, na hapo ujasiri unaonekana: "Dokta, haya si ya jeraha, ni ya mshipa wa fahamu, naomba tubadilishe."

Kupima kunafundishwa kwa namba 0 hadi 10, na kwa picha za nyuso. Kwa watoto wasioweza kujieleza kuna kipimo cha vitu vitano: uso, miguu, utulivu wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja kikipewa 0 hadi 2. Tunashauri kuongeza kipimo cha vidole kinachotumiwa sana na watu wa tiba shufaa (huduma ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito) barani kwetu: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Bibi ambaye hajawahi kuulizwa kuhusu namba maishani mwake anakielewa mara moja. Tahadhari moja tu: wodi ichague kipimo kimoja kwa watu wazima na ikiandike wazi, kwa sababu "4" ya vidole ni maumivu makali na "4" ya kumi ni ya wastani, na zamu ikibadilishana karatasi bila kusema ni kipimo gani, mgonjwa anakosa dozi.

Vikwazo

Mjadala wa vikwazo unaonekana mwepesi kwenye ratiba, lakini usiufupishe. Hapa ndipo wauguzi wanasema kinachowazuia kweli: wanaogopa mofini, dawa kali ya maumivu, itasimamisha pumzi na watalaumiwa wao, wanaogopa mgonjwa atakuwa teja, funguo za kabati la DDA (la dawa zinazodhibitiwa kisheria, kama mofini) anazo mtu aliyeko jengo lingine, cheti cha dawa kimeandikwa "PRN", yaani "inapohitajika", na hakuna aliyeeleza maana yake. Neno hilo la mwisho limeumiza wagonjwa wengi. Kwa mazoea ya wodi nyingi limekuwa na maana ya "asubiri hadi alie", wakati dawa ya msingi baada ya upasuaji inatakiwa itolewe kwa saa maalumu, mgonjwa akiomba asiombe.

Mkufunzi ajibu hofu hizo kwa mambo ya hakika. Mgonjwa mwenye maumivu makali anayepewa mofini kwa kipimo, kwa muda mfupi, huku akiangaliwa, ana hatari ndogo ya kuwa mraibu, na kuzoea dawa kimwili si sawa na uraibu. Pumzi nayo haisimami ghafla bila dalili. Kwa kawaida usingizi mzito unatangulia, ndipo pumzi zinapungua. Kwa hiyo anayepima usingizi na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima anaiona hatari ikija. Hili likieleweka, woga mwingi unaondoka chumbani.

Dawa, kwa vipimo

Kozi inapanga tiba pande mbili, isiyo ya dawa na ya dawa, na inasisitiza ya kwanza ifanywe mara moja kwa kuwa haihitaji saini ya mtu. Mfupa uliovunjika ufungwe banzi, kiungo kilichovimba kiinuliwe, mgonjwa alazwe vizuri, aelezwe kinachoendelea. Banzi kwenye paja lililovunjika linapunguza maumivu kuliko vidonge vingi.

Upande wa dawa umefundishwa kwa usahihi, na mambo haya ndiyo mshiriki anatakiwa atoke nayo. Vipimo ni vya mtu mzima asiye na tatizo la figo wala ini, na mwongozo wa hospitali ndio wenye neno la mwisho. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na iendelee hata kama kuna dawa kali zaidi kwa sababu inapunguza kiasi cha mofini kinachohitajika. Ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya chakula, au diklofenaki miligramu 50 kila saa 8, si zote mbili pamoja. Dawa za kundi hilo zisitolewe kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, aliyepungukiwa maji au anayetoka damu, wala mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho. Tramadoli miligramu 50 hadi 100 kila saa 6, isizidi 400 kwa siku, na asipewe mwenye kifafa. Mofini ya maji ya kunywa huanza na miligramu 5 kila saa 4, na 2.5 kwa mzee au aliyedhoofika. Siku hiyohiyo inapoanza, mgonjwa aanzishiwe dawa ya kulainisha choo kama bisakodili. Kichefuchefu huisha baada ya siku chache, kufunga choo hakuishi, na wagonjwa wengi wanaikataa mofini kwa sababu ya choo, si kwa sababu ya mofini.

Kwa mtoto kila kitu kinakwenda kwa kilo, na mkufunzi awape washiriki hesabu ya kufanya kwa kalamu. Mtoto wa kilo 12 mwenye majeraha ya moto: parasetamoli miligramu 15 kwa kilo ni miligramu 180, na kwa dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5 hiyo ni mililita 7.5. Mofini ya kunywa miligramu 0.2 kwa kilo ni miligramu 2.4, na chupa ikiwa na miligramu 5 kwa mililita 5 ni mililita 2.4. Itolewe nusu saa hadi dakika 45 kabla ya kubadilisha bandeji, si wakati bandeji inavuliwa. Makosa mawili yanajirudia hapa: kutosoma nguvu ya chupa, kwa kuwa mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu zaidi ya moja, na kupima kwa kijiko badala ya bomba. Kodeini, dawa nyingine ya jamii ya mofini, isipewe mtoto hata kidogo.

Kuna jambo moja ambalo tungependa kozi ilipigie kelele zaidi: pethidini, dawa ya sindano ya jamii ya mofini. Bado inaandikwa wodini miligramu 50 au 100 kwenye msuli kila saa 8. Nguvu yake inaisha baada ya saa 2 au 3, kwa hiyo cheti hicho kinamwacha mgonjwa na maumivu kwa saa 5 au 6 katika kila 8. Zaidi ya hapo, mabaki yake mwilini yanaweza kuleta degedege, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Muuguzi anayetoka kwenye kozi awe na uwezo wa kuliuliza hilo kwenye raundi ya asubuhi.

Saa moja ya kuongeza

Baada ya visa vya mchana, kabla ya mtihani wa mwisho, ongezeni saa moja yenye meza tatu na washiriki 7 hadi 10 kwa kila meza. Daktari au nesi wa usingizi asimamie. Tumieni ampuli za maji ya sindano zenye lebo za mazoezi, si dawa yenyewe.

Meza ya kwanza ni kuchanganya mofini ya kuchoma kwenye mshipa wa damu. Ampuli ya miligramu 10 kwenye mililita 1 inachanganywa na mililita 9 za maji ya chumvi katika bomba la mililita 10, kila mililita inakuwa na miligramu 1. Bomba linabandikwa lebo yenye jina la dawa, nguvu, saa na saini kabla halijawekwa chini. Ampuli isomwe kwa sauti kwanza, kwa sababu zipo pia za miligramu 15, na mchanganyiko uleule unatoa dozi kubwa kwa nusu zaidi. Kisha wanafanya zoezi la kutoa miligramu 1 hadi 2, kusubiri dakika 5, kuuliza alama, kupima usingizi, kuhesabu pumzi, na kuamua kama wataendelea. Kinachoharibu mara nyingi ni haraka: dozi inarudiwa baada ya dakika 1 kwa kuwa "haijafanya kazi", na zote zinafika kileleni pamoja. Kwa kuwa nguvu ya mofini ya mshipa huendelea kupanda baada ya zile dakika 5, mgonjwa asiachwe peke yake mara tu anapopata nafuu.

Meza ya pili ni usingizi na pumzi. Usingizi unaandikwa 0 aliye macho, 1 anayesinzia lakini anaamka kwa kuitwa, 2 anayeamka kwa shida au anayelala katikati ya sentensi, 3 asiyeamka. Kwenye 2 dozi inayofuata inazuiwa, oksijeni inawekwa na daktari anaitwa. Kwenye 3, au pumzi zikiwa chini ya 8 kwa dakika, njia ya hewa inafunguliwa, mgonjwa anasaidiwa kupumua na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, inatolewa. Ampuli yake ya mikrogramu 400 nayo inafanywa mililita 10, inatolewa mililita 1 hadi 2 kila baada ya dakika 2 hadi mgonjwa aamke na kupumua vizuri. Ikimwagwa yote kwa mara moja, maumivu yanarudi kwa kishindo. Na kwa kuwa naloksoni inaisha kabla ya mofini, aangaliwe kwa saa kadhaa. Hospitali isiyo na naloksoni kwenye trei ya dharura ya wodi isianze mofini ya mshipa wodini hapo. Kwanza iitafute.

Meza ya tatu ni kitabu cha DDA: kuandika kilichotoka, kilichotolewa, kilichobaki kikamwagwa mbele ya shahidi, na saini mbili. Nusu ya woga wa mofini ni woga wa kitabu hiki, na dakika 15 na mfamasia zinautatua.

Kuiandaa bila kuvuruga wodi

Kundi linalofundishika vizuri ni la watu 20 hadi 30 na wakufunzi 3 au 4. Msichukue wauguzi wote wa wodi moja siku moja. Fanyeni mizunguko miwili, na kila wodi itoe watu wawili au zaidi kwa pamoja, kwa sababu aliyefundishwa peke yake anarudi akazimwa na mazoea ya wenzake. Waiteni pia daktari anayeandika vyeti na mfamasia. Kozi iliyohudhuriwa na wauguzi peke yao ina kasoro ya wazi: sehemu kubwa ya hospitali zetu muuguzi hutoa dawa, haandiki. Uganda ilibadilisha utaratibu mwaka 2004 ili wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa waweze kuandika mofini, lakini hiyo inahitaji mafunzo marefu ambayo siku moja ya EPM haiwezi kuchukua nafasi yake. Hospitali nyingine ziandike utaratibu wa kudumu uliosainiwa na daktari mkuu, unaosema kwa alama gani muuguzi anatoa nini, hadi kiasi gani, na lini anapiga simu.

Kabla ya kupanga tarehe, muulizeni mfamasia kama mofini ipo na itaendelea kuwepo. Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikitengeneza mofini ya maji kutokana na unga, kwa hiyo dawa inapatikana kwa hospitali inayofuata taratibu za kuiagiza. Kufundisha watu dawa ambayo kabati halina kunawavunja moyo. Ombeni pia pointi za mafunzo endelevu kwenye baraza la uuguzi mapema, si baada ya siku yenyewe.

Msitegemee mtihani wa mwisho kujua kama kozi imefaulu. Alama zitapanda, kwa kuwa maswali ni yaleyale na majibu yamesikika saa chache zilizopita. Kipimo cha kweli kiko kwenye mafaili. Wiki moja kabla, chukueni mafaili 20 ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji au kulazwa na majeraha, mhesabu vitu vitatu: kama alama ya maumivu imeandikwa katika saa 24 zilizopita, kama kuna dawa ya saa maalumu na si "PRN" peke yake, na kama alama ilirudiwa kuandikwa ndani ya saa moja baada ya dozi. Rudieni baada ya mwezi 1 na miezi 3. Hicho cha tatu ndicho kinachobaki nyuma, kwa kuwa chati nyingi hazina mahali pa kukiandika. Mfawidhi wa wodi aongeze mistari miwili kwenye chati ya joto na presha, mmoja wa maumivu na mmoja wa usingizi, na swali la maumivu liingie kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu, kitanda kwa kitanda.

Kuna toleo fupi la nusu siku, EPM Lite, lililokusudiwa zaidi wanafunzi. Kwa wauguzi walioko kazini hatulipendekezi isipokuwa kama ukumbusho, kwa sababu kinachokatwa ni visa na mjadala. Heri kuwekeza kwenye ile nusu siku ya kufundisha wakufunzi, inayofuata baada ya kozi yenyewe. Kwa nafasi hizo chagueni manesi wanaoshika zamu za usiku na wanaoaminiwa na wenzao, hata kama si wenye vyeo, kwa kuwa maswali kuhusu dozi ya pili huulizwa saa nane usiku, na anayeulizwa ni yule aliye karibu.